Divai Nyekundu ya Rioja: Matunda ya Askari Aliyekwenda Uhamishoni

Afisa anapoalikwa kwenye karamu ya kibalozi, au askari wetu anapoketi mezani pamoja na wenzake wa mataifa mengine, huenda akawekewa chupa ya divai nyekundu iliyoandikwa Rioja. Wako wanaoinywa kwa pupa kama bia, wakajiaibisha wao na sare waliyoivaa. Kwa hiyo tumeona inafaa tuwaeleze ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za kinywaji hiki, kwani sifa yake imefungamana na maisha ya askari.

Rioja ni jimbo la kaskazini ya Hispania, kandokando ya mto Ebro. Divai imetengenezwa huko tangu enzi za Warumi, lakini zamani haikudumu. Iliharibika mapema, wala haikustahimili safari ndefu. Mwaka 1843 Jenerali Baldomero Espartero, aliyeshika utawala kwa niaba ya Malkia Isabel II aliyekuwa bado mtoto, alipinduliwa akakimbilia Uingereza. Mpambe wake, Luciano Murrieta, alifuatana naye. Huko London kijana huyo aliona jinsi divai ya Ufaransa ilivyothaminiwa. Hakukaa akililia cheo alichopoteza. Alikwenda Bordeaux, akajifunza namna Wafaransa walivyoilaza divai katika mapipa ya mwaloni. Mwaka 1852, mjini Logroño, alitengeneza divai yake ndani ya ghala la jenerali wake, nayo ikadumu. Mwaka 1872 Mfalme Amadeo I alimtunukia cheo cha ukabaila.

Zabibu iliyo kuu huko ni tempranillo, jina litokanalo na neno la Kihispania lenye maana ya mapema, kwa kuwa huiva kabla ya nyingine. Divai yenyewe ina vyeo, kama sisi. Crianza hukaa miaka miwili kabla ya kuuzwa, na angalau mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa. Reserva hukaa mitatu. Gran Reserva hukaa mitano, na miwili au zaidi kati ya hiyo ni ya pipani. Lakini tukumbuke kwamba cheo hicho huonyesha muda wa utumishi; ubora hupimwa kwa ulimi.

Iliyo changa ina ladha ya matunda mekundu, na ukakasi unaoshika ulimi kama ndizi mbichi. Iliyozeeka hulainika, ikanukia vanila, tumbaku na ngozi. Ukakasi huo ndio unaoamua chakula. Mafuta ya nyama huupunguza, nayo divai huusafisha mdomo kwa tonge lijalo. Ndiyo maana watu wa Rioja huinywa pamoja na mbavu za mwana-kondoo zilizochomwa juu ya moto wa vijiti vya mizabibu, au pamoja na jibini ya maziwa ya kondoo. Mwenye kujua mchomo wa mbuzi atafahamu upesi. Samaki laini haifai, kwa maana divai hiyo huacha kinywani ladha ya chuma. Pilipili kali nayo huizidisha ukali.

Mwisho, tuseme wazi. Nguvu ya divai hii hukaribia mara tatu ya ile ya bia ya kawaida. Glasi moja au mbili, pamoja na chakula na maji, zatosha. Aliye zamu, au aliyeshika bunduki au usukani, asiiguse kabisa. Na yule ambaye dini yake yamkataza, aseme ahsante na kuomba maji. Hakuna mwenyeji mstaarabu atakayechukia. Murrieta alishindwa pamoja na jenerali wake, lakini alirudi kwao na ujuzi kwa sababu alitazama akiwa na akili timamu. Askari anayelewa kwenye meza ya wageni atarudi na nini?