Mababu wa Nani? Habari ya Kushiba kwa Wanga Kidogo



Msimu uliopita wa karafuu nilikuwa mtu wa njaa. Sisemi njaa ya kukosa, kwani kwa rehema ya Mungu chakula nyumbani hakikukosekana. Nasema njaa ya kujitakia. Daktari alinipima damu akaniambia kuwa sukari imeanza kupanda. Haijawa maradhi, alisema, lakini imo njiani, na yafaa nipunguze wanga, sukari na tumbo. Nikatoka hospitali na shauri moja tu kichwani: kuanzia kesho wali basi, muhogo basi, boflo basi, na sukari katika chai basi.

Siku ya kwanza asubuhi nilikula kipande cha changu na kachumbari, na mchana hali kadhalika. Siku ya pili, saa tisa za alasiri, nipo kwenye jamvi nageuza karafuu, magoti yakalegea, jasho jembamba likanitoka, na mawazo yangu yote yakawa juu ya chakula. Kabla ya magharibi nilikwisha maliza boflo mbili na birika zima la chai ya sukari, na usiku nikala wali kama mtu aliyetoka safari ya jahazi. Nililala na aibu. Nadhani wako kati yenu walioyaonja hayo, maana siku hizi tukikutana penye mzani wa karafuu mazungumzo ya sukari na presha ni mengi kuliko ya bei.

Baada ya msimu nilivuka kwenda bara kumtazama mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Nyalikungu, katika mji wa Maswa. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi wapita Shinyanga, kisha pale Mwigumbi waiacha njia ya Mwanza na kushika ile iendayo Maswa na Bariadi. Ndio mkoa wa Simiyu, uliotengwa mwaka 2012. Nchi ni wazi, ya ng'ombe na pamba, na wenyeji wengi ni Wasukuma. Nilipata masahibu huko, kwani mkulima wa pamba na mkulima wa karafuu wote hutazama mawingu kwa wasiwasi na bei kwa wasiwasi zaidi.

Katika nyumba ile yumo ndugu yake shemeji, kijana msomi, naye amejiwekea utaratibu anaouita chakula cha mababu: nyama, mayai, maziwa na mboga, nafaka hagusi, viazi hagusi. Aliposikia habari ya sukari yangu akafurahi kupata mwanafunzi. "Shemeji," akaniambia, "wazee wetu hawakula wanga. Walishiba nyama wakatembea kutwa." Mama yao, mtu mzima sana ambaye watoto wote humwita Mayu, alikuwa akichambua choroko (ambazo sisi twaziita chooko). Hakuinua kichwa. Akauliza, "Mababu wa nani, mwanangu? Mimi babu yangu alilima mtama."

Swali hilo lilinikaa, na niliporudi nililitafuta katika vitabu na kwa watu wenye elimu. Kijana hakukosea yote. Wamasai wa zamani, hasa vijana wao wa moran, waliishi kwa maziwa, nyama na damu, na daktari wa Kimarekani George Mann aliyewapima wanaume wao Tanganyika akaandika mwaka 1964 kwamba maradhi ya moyo aliyaona kwa uchache sana. Lakini katika mkoa huohuo wa Simiyu, wilayani Meatu kuelekea ziwa Eyasi, wamo baadhi ya Wahadzabe, na kama kuna watu wa kuulizwa habari ya kula kama wawindaji wa kale, ni wao. Nao hula nini? Nyama wakiipata, ndiyo. Na pia ubuyu, matunda madogo ya porini, mizizi ichimbwayo na wanawake, na asali. Wachunguzi Marlowe na Berbesque walipowataka wapange vyakula vyao kwa kuvipenda, katika kazi waliyoitoa mwaka 2009, asali ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza na mizizi ya mwisho. Basi hao ndio mababu wenyewe, na wakiuona mzinga hawauachi!

Ila tazameni ile mizizi wasiyoipenda. Ni migumu kiasi kwamba mtu huitafuna, akaumeza utomvu na kutema makapi. Kwa mizizi, ubuyu na matunda hayo, watafiti wamekadiria kuwa Mhadzabe hupata ufumwele, yaani nyuzinyuzi za chakula, zaidi ya gramu 100 kwa siku. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitutaka watu wazima tupate angaa gramu 25, na mlaji wa boflo nyeupe na wali mweupe hata hizo ni taabu kuzifikia.

Hapa ndipo nilipoanza kufahamu kosa langu. Nilidhani shibe ni jambo la wanga: ukiwapo unashiba, ukiondoka una njaa. Mwaka 1995, katika chuo kikuu cha Sydney huko Australia, Susanna Holt na wenziwe waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, wakawauliza kila robo saa kwa muda wa saa mbili kama wameshiba. Mkate mweupe walioupa alama 100. Samaki alipata 225, nyama ya ng'ombe 176, mayai 150, chungwa 202. Na kilichoshinda vyote ni kiazi mviringo cha kuchemsha, alama 323, nacho ni wanga mtupu! Cha mwisho kilikuwa ule mkate wa Kifaransa wa siagi nyingi, alama 47. Walipochunguza sababu waliona kuwa maji, ufumwele na protini ndivyo vilivyoshibisha. Mafuta hayakusaidia kama wengi tunavyodhani. Tumbo huona ujazo, na mafuta hubeba kalori nyingi katika mahali padogo.

Sasa rudini kwenye sahani yangu ya siku mbili zile. Wanga niliutoa, lakini mahali pake sikuweka kitu. Kipande cha samaki cha vidole vitatu na nyanya mbili si chakula cha mtu anayeshinda juani. Sikuwa nakula chakula cha mababu wala cha wajukuu. Nilikuwa nafunga bila ya nia.

Mayu yeye hula hivi, na nilimtazama siku tisa. Asubuhi bakuli dogo la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, vimepikwa na karanga. (Yule kijana aliikataa michembe kila siku, na siku mbili nilimwona saa nne asubuhi yuko dukani anakula maandazi. Sikumwambia mtu, ila nyinyi.) Jioni ugali wa mtama kiasi cha ngumi moja, na kando yake choroko, majani ya kunde, mlenda, na kikombe kikubwa cha maziwa ya mgando. Kwetu Pemba wali ndio mlima, na kitoweo ni alama tu ya kuonesha kuwa hatukula mkavu. Kwake ilikuwa kinyume. Na hali polepole. Mimi nilimaliza kabla yeye hajafika nusu.

Msidhani kwamba napinga kupunguza wanga. Mwaka 2021 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, chini ya Kevin Hall, walitoa habari ya watu 20 waliowekwa ndani wakala wapendavyo, majuma mawili chakula cha wanga kidogo na mafuta mengi, majuma mawili chakula cha mimea chenye wanga mwingi na mafuta kidogo. Katika kile cha mimea walikula pungufu ya kalori karibu 690 kwa siku, na wala hawakusema kuwa wana njaa zaidi. Walakini sukari ya damu baada ya kula ilikuwa chini katika kile cha wanga kidogo, na uzito ulipungua kwa vyote viwili. Kwa mtu wa hali yangu, basi, wanga kupungua ni kheri. La kuangalia ni kinachoingia mahali pake.

Jambo jingine ni saa ya njaa. Wajapani mwaka 1999 waligundua homoni itokayo tumboni, iliyopewa jina la grelini, nayo hupanda karibu na wakati wa chakula na hushuka baada ya kula. Sisi twajua hayo kwa Ramadhani: siku tatu za mwanzo saa saba mchana ni adhabu, kisha mwili husahau. Kwa hiyo nilipoacha chai ya saa nne nilivumilia juma moja tu. Lakini Ramadhani hiyohiyo yatuonesha ubaya wetu, kwani futari ya muhogo, ndizi, majimbi na viazi vikuu kwa tui zito, yote katika meza moja, haiwezi kuitwa kupunguza.

Sasa nyumbani twafanya hivi. Kunde au chooko ziko mezani karibu kila siku, na mchicha au kisamvu kwa wingi, tui limepungua. Samaki ni mzima, si kipande; wakati dagaa ni rahisi huwa dagaa. Wali upo, kikombe kimoja cha chai kikijaa, nami huanza na mboga. Mke wangu alinung'unika mwezi wa kwanza kuwa namfanya aonekane mchoyo mbele ya wageni, na kwa wageni twapika kama zamani.

Mwanachama anayepiga sindano za insulini au anayemeza vidonge kama glibenklamidi asiyaanze haya peke yake. Wanga ukipungua ghafula na dawa ikabaki ileile, sukari yaweza kushuka hata mtu akaanguka, na kwa aliye juu ya mkarafuu hilo si la mzaha. Amwone daktari wake kwanza, apunguziwe dawa ikibidi.

Mimi nilipimwa tena mwezi uliopita. Sukari haijashuka sana, lakini imeacha kupanda, na nimepungua kilo nne. Daktari ametaka nirudi baada ya miezi mitatu, yaani katikati ya uchumaji, wakati ambapo wapishi wa kambi hupika wali sufuria kwa sufuria. Mwanachama anayejua namna ya kupikia wachumaji wengi chakula cha kunde kinachokaa tumboni mpaka alasiri, tafadhali amwandikie Mhariri kabla ya msimu.