Michezo ya mafumbo kwenye kompyuta na simu: inavuta wengi, lakini mara nyingine inaudhi

Mlango umefungwa, ufunguo haupo, na mchezaji ana ndizi, kamba na kipande cha karatasi tu. Hakuna adui wa kupiga risasi, wala saa inayomkimbiza. Anapaswa kufikiri. Ndivyo ilivyo michezo ya video ya visa na mafumbo, ambayo haijulikani sana kwa vijana wa kwetu kama ile ya mpira na ya vita, lakini imekuwako kwa karibu miaka 50.

Mchezo ulioipa aina hii jina lake ni Adventure. Ulitungwa karibu mwaka 1976 na Mmarekani Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kutembelea mapango. Mwaka 1977 Don Woods aliuongezea mambo mengi. Haukuwa na picha hata moja: mchezaji alisoma maelezo ya pango na kuandika amri ya neno moja au mawili.

Mwaka 1993 ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, walitoa Myst, mchezo wa kisiwa kisicho na watu, chenye mitambo ya ajabu na vitabu. Ndani ya boksi lake waliweka daftari tupu ili mchezaji aandike anayoyaona. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 6, na hakuna mchezo wa kompyuta ulioupita kwa mauzo hadi mwaka 2002.

Utamu wa kufumbua

Utamu wa michezo hii ni ule ule wa kitendawili. Mtu akiambiwa kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, hakasiriki. Anacheka, kwa sababu jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Fumbo zuri la kompyuta liko hivyo: mchezaji anaweza kukwama siku mbili, lakini akishapata jibu anaona kwamba dalili zote alikuwa amepewa.

Uchungu unaanza pale jibu linapokuwa kichwani mwa mtunzi peke yake. Katika King's Quest, mchezo wa mwaka 1984 uliotungwa na Roberta Williams, kibeti mmoja anataka mchezaji ataje jina lake. Dalili inasema kwamba mara nyingine ni busara kufikiri kinyumenyume. Wengi waliandika jina la Rumplestiltskin, kibeti wa hadithi za Ulaya, kuanzia mwisho kwenda mwanzo, wakakataliwa. Kumbe ilitakiwa kugeuza alfabeti nzima, A iwe Z, B iwe Y, na kuendelea hivyo. Toleo jipya la mwaka 1990 lililegeza fumbo hilo.

Kuna kosa lingine baya zaidi. Katika King's Quest V, pia ya mwaka 1990, mchezaji anaweza kula keki aliyoibeba. Mchezo haumwambii kitu. Mbele zaidi, katika milima ya theluji, anakutana na jitu lenye manyoya ambalo linashindwa kwa njia moja tu: kurushiwa keki hiyo usoni. Aliyekwisha kuila hana njia. Inabidi arudi nyuma kwenye sehemu aliyohifadhi, au aanze upya.

Nyani aliyegeuka kle

Mtunzi Ron Gilbert aliyakemea makosa kama hayo katika makala ya mwaka 1989. Alisema mchezaji asiadhibiwe kwa kujaribu, wala asiachwe mahali pasipo na njia ya kutoka. Lakini hata yeye aliteleza.

Katika Monkey Island 2, mchezo wake wa mwaka 1991, kuna pampu ya maji inayotakiwa kufungwa. Mchezaji anaenda kwenye baa ya kisiwa kingine, anampumbaza nyani anayepiga piano mpaka anakauka kama mti, anambeba, kisha anamtumia kukaza pampu. Kwa nini nyani? Kwa sababu Wamarekani huiita kle ya kufungulia nati kubwa “monkey wrench”, yaani kle ya nyani. Wafaransa wanasema “clé anglaise” au “clé à molette”, na hakuna nyani ndani yake. Mtu aliyecheza kwa Kifaransa, hata awe fundi wa magari, hakuwa na njia ya kulijua jibu ila kwa kubahatisha.

Kwa wasomaji wa Kongo jambo hili si dogo, kwani michezo mingi inatufikia kwa Kiingereza au Kifaransa. Anayeshindwa anaweza kujiona mjinga, wakati ugumu uko kwenye lugha.

Msaada kidogo kidogo

Zamani aliyekwama alinunua kijitabu cha majibu au alipiga simu ya kulipia. Leo majibu yote yako kwenye intaneti, lakini anayeyafungua mapema anajinyima utamu. Ndiyo sababu Return to Monkey Island ya mwaka 2022 ina kitabu cha dalili ndani yake, kinachofunua hatua moja moja.

Anayetaka kuanza anaweza kujaribu Machinarium, mchezo wa roboti mdogo uliotolewa mwaka 2009 na kampuni ya Amanita Design ya Ucheki. Wahusika wake hawasemi neno: wanawasiliana kwa michoro inayotokea juu ya vichwa vyao. Mtu wa Bukavu na mtu wa Prague wanaanza wakiwa sawa. Upo hata kwenye simu, na ukishapakuliwa hautaki mega tena.

Vijana wa kwetu wanaojifunza kutunga programu wanaweza kuanzia hapo. Vitendawili vyetu ni vingi, na bado vinangoja wa kuvigeuza michezo. Kabla ya kuutoa mchezo, wampe mtu ambaye hakuutunga aucheze, nao wakae kando wamtazame. Akipata jibu na kucheka, fumbo ni zuri. Akiuliza “ningejuaje?”, litengenezwe upya.