Je, Wajua? Herufi Mbili Zilizomponya Mjomba

Mwanafunzi wa Kitomanga, mkoani Lindi, akitaka kusema kwa Kiingereza kwamba mjomba wake ni mgonjwa wa malaria, mkono unamtuma aandike: "My uncle is sick of malaria." Maneno yote ameyaandika sawasawa, na kila moja ukilitafsiri peke yake utalikuta limekaa mahali pake. Lakini Mwingereza akiisoma sentensi hiyo ataelewa kwamba mjomba hana homa wala kichwa hakimuumi. Amechoshwa tu na habari za malaria, hataki kuzisikia tena. Anayeugua kweli ni "sick with malaria". Herufi mbili za "of" zimemponya mjomba bila dawa.

Na je, wajua kwamba kosa hilo zamani halikuwa kosa? Waliotafsiri Biblia ya King James, iliyotoka mwaka 1611, walipofika kwenye habari za mama mkwe wa Petro aliyelala na homa, walitumia "of" hiyohiyo baada ya "sick". Kwa hiyo daftari linalopigwa kalamu nyekundu leo lingepata vema miaka 400 iliyopita. La kushangaza zaidi ni kwamba Kiingereza cha leo kinataka mtu awe "sick with malaria", ila akifa, amekufa "of malaria". Ndivyo vitabu vinavyoandika kuhusu William Cutler, aliyekuja mwaka 1924 kuongoza uchimbaji wa mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, mkoa uleule, kwa niaba ya jumba la makumbusho la London, pamoja na kijana Louis Leakey. Malaria ilimuua Cutler mjini Lindi mwaka 1925.

Jambo lenyewe ni hili: vivumishi vingi vya Kiingereza haviendi peke yavyo. Kila kimoja kina kihusishi chake, na huwezi kukibadilisha kwa sababu kingine kina maana inayokaribiana. Mtu ni "afraid of", ni "interested in", ni "good at", ni "married to", ni "famous for". Ukiuliza kwa nini "at" na si "in", mwalimu mkweli atakwambia ndivyo wanavyosema wenyewe.

Mswahili anapata tabu hapa kwa sababu lugha yake haikuvipa vihusishi kazi hiyo. Sehemu kubwa imebebeshwa kitenzi. Pale Mwingereza alipo "proud of" mwanawe, sisi tunajivunia mtoto. Alipo "angry with" jirani, sisi tunamkasirikia. Alipo "jealous of" mwenzake, sisi tunamwonea wivu. Ile "i" au "e" inayoingia kabla ya irabu ya mwisho ndiyo inayofanya kazi ya "of" na "with". Askofu Edward Steere aliligundua hilo mapema: katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, kilichotoka London mwaka 1870, alieleza kwamba kauli ya kutendea hutumika pale Kiingereza kinapohitaji kihusishi. Huyu ndiye Steere aliyeshukia Lindi mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akaenda nao bara kwa miguu, wakaanzisha makazi Masasi. Na "afraid of" je? Hapo hatuhitaji chochote. Tunamwogopa, basi.

Vihusishi tulivyo navyo ni vichache na kila kimoja kina shughuli nyingi. Chukua "na" peke yake: tofauti na, sawa na, karibu na, mbali na, ameoana na, amechoshwa na. Mwingereza kazi hiyo ameigawa: "different from", "equal to", "close to", "far from", "married to", "tired of". Ndiyo maana Kiingereza cha Afrika Mashariki, kuanzia madaftari ya shule hadi barua za ofisini, kimejaa "different with" na "married with". Anayeandika hivyo ana "na" kichwani, na kwenye kamusi amekuta "na" ni "with".

Asijione mjinga. Wajerumani nao husema mtu ameolewa "mit", yaani "with", na mwanafunzi wao hodari wa hesabu ni "gut in Mathe", sawa kabisa na mwenzake wa pwani ya kusini anayeandika "good in Mathematics" na kukatwa alama. Werner Janensch na Edwin Hennig, waliofika Tendaguru mwaka 1909 na kuanza kuchimba mifupa ambayo sasa imesimama Berlin, wangeketi darasani Kitomanga kufanya zoezi la vihusishi, wangefanya makosa yaleyale. Na wangeongeza la kwao, maana Mjerumani husema anajivunia "auf", yaani "on".

Neno "good" linastahili kukaliwa kidogo. Asha akiwa "good at cooking", anajua kupika. Akiwa "good with children", watoto wanamzoea upesi. Akiwa "good to" mama mkwe wake, anamtendea wema. Na pweza wake wa nazi akiwa "good for you", ana faida mwilini. Kivumishi ni kilekile mara nne. Maana inabebwa na kile kineno cha nyuma yake, ambacho wanafunzi wengi hukiruka wakidhani ni pambo.

Kuna vingine vinavyogeuza sentensi juu chini. "I am familiar with Lindi" maana yake naifahamu Lindi. "Lindi is familiar to me" maana yake Lindi si ngeni kwangu. Anayejua na kinachojuliwa wamebadilishana viti, na kihusishi kimebadilika pamoja nao. Neno "known" ndilo linalozunguka zaidi: Kilwa ni "known for" magofu yake, yaliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ilikuwa "known to" msafiri Ibn Battuta, aliyeizuru mwaka 1331, na kwa Wareno ilikuwa "known as" Quiloa.

Gunia la korosho nalo lina mtego wake. Kwa Kiswahili limejaa korosho, hakuna kinachoingia katikati. Kwa Kiingereza ni "full of", lakini ukisema "filled" inakuwa "filled with". Wengi huchanganya wakapata "full with". Hapo sina maelezo ya maana ya kutoa, ni kukariri tu.

Je, wajua kwamba Waingereza wenyewe wanagombana? Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alisisitiza kwamba "averse" ifuatwe na "from", kwa kuwa mzizi wake wa Kilatini ni kugeukia mbali, akaiona "to" kuwa si sahihi ingawa watu waliitumia sana. Watu hawakumsikiliza. Leo ukisema "averse from", hata huko Uingereza watakutazama. Kwa "different" vita havijaisha: Waingereza wengi husema "different to", Wamarekani "different than", na kila upande una wazee wanaodai mwenzake kaharibu lugha. Mimi naona kelele hizo zingewapunguzia walimu wetu ukali kidogo.

Aliyewaonea huruma wanaojifunza ni A. S. Hornby. Alifundisha Kiingereza Japani, na mwaka 1942 kamusi aliyoitunga na wenzake ilichapwa Tokyo. Baadaye Oxford ikaichukua. Ilimwonyesha msomaji jinsi neno linavyounganishwa na mengine, si maana tu. Kamusi za Oxford zinazozagaa mashuleni kwetu zimetoka kwenye ukoo huo. Fungua "keen" uone "on" imewekwa kando yake. Fungua "capable" uone "of". Usinakili "keen" peke yake daftarini. Nakili vyote viwili, na sentensi moja ya mambo ya kwenu.

Na kwa wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne: "different to" na "different than" zina watetezi na wapinzani, lakini "different from" inakubalika London na New York pia. Andika hiyo.