Saratani ya ovari ikirudi, ultrasaundi pekee haitoshi
Mama uliyetibiwa saratani ya ovari, tumbo likianza kujaa tena au ukishiba kwa vijiko viwili vitatu, rudi kliniki hata kama ultrasaundi ya juzi ilitoka safi. Ultrasaundi huona maji tumboni na uvimbe mkubwa. Lakini saratani hii ikirudi mara nyingi hujipanda kama punje kwenye utando wa ndani wa tumbo, na punje zisizofika sentimita 1 hata CT skani inaweza kuzikosa. Ndiyo maana daktari hupima pia damu, kipimo cha CA-125. Kikipanda na CT haioni kitu, ipo PET skani: unachomwa sukari yenye mionzi kidogo, seli za saratani huifyonza zaidi, zinang'aa pichani. Bei yake si mchezo. Uliza kwanza kama majibu yatabadilisha matibabu. Picha za zamani usitupe, hulinganishwa na mpya.