Mkaguzi aje kabla ya zege

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Fumbo hilo nililielewa nikiwa mtu mzima, tena mwalimu wa miaka mingi, siku nilipomwona fundi akiibomoa kwa sururu pembe ya nyumba yangu mwenyewe hapa Nyansiongo.

Nilikuwa nimechukua mkopo katika chama chetu cha akiba ili nijenge vyumba sita vya kupangisha. Kibali cha ujenzi nilikuwa nacho. Ramani zilichorwa, ada ikalipwa, mhuri ukagongwa, nami nikaikunja karatasi ile na kuihifadhi pamoja na vyeti vyangu, nikidhani kwamba mambo yamekwisha. Siku ya kumimina zege la msingi nilimuuliza fundi kama haingefaa tumngoje mkaguzi. Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "mvua yaja na mifuko ya saruji imekwisha kufunguliwa. Mkaguzi atakuja kuona nini shimoni?" Nikanyamaza. Kufikia magharibi shimo lilikuwa limefunikwa.

Mwaka wa pili ufa ulipanda kutoka sakafuni hadi dirishani. Mhandisi niliyemwita alichimba penye pembe, akakuta kwamba sehemu ya msingi ilikalia udongo wa kujazia, na kwamba nondo zilikuwa nyembamba kuliko zilizoandikwa katika ramani. Vyumba viwili vikabomolewa. Mkopo ningali naulipa. Namlaumu fundi, lakini najilaumu zaidi, kwa kuwa nilikuwa na uwezo wa kuisimamisha kazi ile kwa neno moja, nami sikulitamka.

Nayasimulia haya kwa sababu mji wetu unakua. Nyansiongo ilizaliwa katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960, mashamba ya walowezi yalipogawiwa wakulima Waafrika. Ardhi ilipimwa kwa ajili ya ukulima. Leo, kando ya barabara itokayo Keroka kwenda Sotik, mashamba yanakatwa vipande na kuta zinapanda mahali palipokuwa na majani chai. Zamani tulikuwa na baraza letu la mji. Tangu mwaka 2013 mamlaka ya ujenzi yamo mikononi mwa serikali ya kaunti, ambayo makao yake makuu yako Nyamira.

Sheria ya mwaka 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi inakataza ujenzi bila idhini ya kaunti. Anayekaidi aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au kupewa adhabu zote mbili. Sheria hiyo hiyo inamlinda mwombaji: asipopata jibu la maandishi katika muda wa siku 60, huhesabiwa kwamba amekubaliwa. Wengi wanalijua lile la faini. Wachache wanalijua hili la pili. Ni kinga njema dhidi ya uzembe wa ofisi, lakini mjenzi asijidanganye. Kimya cha ofisi hakiwezi kushikilia ukuta.

Kinachoushikilia ukuta ni kazi iliyotazamwa hatua kwa hatua: handaki la msingi kabla ya zege, nondo kabla ya kumimina sakafu ya ghorofa, paa, na hatimaye jengo zima kabla ya watu kuhamia. Ramani huonyesha tulichoahidi kujenga. Ukaguzi huonyesha tulichojenga. Na zege likishafunika nondo, hakuna jicho litakaloziona tena.

Nchi yetu imekwisha kulipa karo kubwa kwa somo hili. Mnamo Aprili 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, likaua watu wapatao 50, ilhali lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Septemba 2019, darasa la shule ya Precious Talent, Dagoretti, liliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani, na wasiopungua 7 wakafa. Walikuwa wamekwenda kusoma.

Najua malalamiko ya wananchi. Wataalamu wa kuchora ramani ni ghali, ofisi ni mbali, na kwa wengi kibali ni kodi iliyobadilishwa jina. Malalamiko haya yana haki. Kaunti ingefaa kutoa ramani za mfano kwa nyumba ndogo zisizo na ghorofa, na kutangaza siku maalumu ambayo mkaguzi atakuwa Nyansiongo kila juma. Aidha, kila mjenzi apewe kadi ya ukaguzi itakayotiwa sahihi papo hapo, kama kadi ya kliniki ya mtoto. Mwananchi akiona kwamba ada yake imemleta mtu mwenye macho na kipimo, hataikwepa tena.

Walimu wenzangu, shule zetu nazo hujenga: madarasa, mabweni, maabara. Tunaketi katika kamati, tunapitisha malipo ya mkandarasi, kisha tunawaingiza watoto wa wenzetu humo. Kabla ya kuidhinisha malipo yoyote tuulize swali moja: ni nani aliyeutazama msingi kabla haujafunikwa, na sahihi yake iko wapi? Nanyi wanafunzi, ambao kesho mtakuwa waashi, wahandisi na wakaguzi, msione haya kuuliza. Mimi niliona haya mbele ya fundi, na nyumba yangu ikalipa. Ilikuwa bahati tu kwamba vyumba vile viwili vilikuwa havijapata wapangaji.