Fahamu: Sindano za MS na wanayopitia wagonjwa

Katika maltipo sklerosisi (MS), kinga ya mwili hushambulia utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo. Sindano haziponyi ugonjwa huu, ila hupunguza mashambulizi mapya.

Maudhi: Sindano ya interferoni beta huweza kuleta homa na maumivu kama ya mafua, hivyo wengi hujidunga jioni ili maudhi hayo yapite wakiwa wamelala. Glatirama, sindano nyingine ya MS, huacha wekundu na uvimbe panapochomwa, hivyo sehemu za kuchoma hubadilishwa kwa zamu.

Upatikanaji: Mwaka 2023, WHO iliingiza glatirama kwenye orodha ya dawa muhimu.

Utunzaji: Kutoka hospitali ya Muhimbili hadi Ruhuwiko, Songea, ni zaidi ya kilomita 900, hivyo dawa inayosafirishwa huhitaji uangalifu wa joto. Glatirama hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, ila huvumilia hadi nyuzi 30 kwa mwezi mmoja. Isigandishwe.