Bamvua la Septemba

Tarehe 22 au 23 Septemba jua huwa juu ya Ikweta, na mchana na usiku hukaribia kulingana. Unguja na Pemba, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, dalili ya siku hiyo itazame baharini. Mwezi uandamapo au upevukapo karibu na tarehe hizo, mvuto wake na wa jua huungana, likaja bamvua kubwa. Maji hupwa mbali mno. Akina mama huteremka kuchokoa pweza na kushughulikia mwani. Nawe ukiwapeleka watoto pwani, angalia saa. Maji yakigeuka, mabonde ya nyuma yenu hujaa kwanza, hali mwamba mliosimama ungali mkavu.